Ogwedhi: Soko la Ng'ombe na Walinzi Wasiouzwa

Msafiri atokaye Mombasa kwenda Ogwedhi huikata Kenya karibu yote, kutoka bahari hadi jirani ya ziwa. Hupita Nairobi, akapanda milima ya Kisii, akateremka Rongo hadi mji wa Migori, kisha akaiacha barabara kuu ya Isebania na kuelekea mashariki. Huko, mashamba ya mahindi, miwa na tumbaku yanapokutana na malisho ya Transmara, ndipo penye Ogwedhi. Ni kituo kidogo chenye jina kubwa kwa sababu moja: soko la mifugo. Mjaluo, Mmaasai na Mkuria hukutana hapo, na bei ya fahali hukatwa kwa Kiswahili.

Sisi watu wa mitaa ya kale, tuliolelewa na paka vibarazani, macho yetu hayakutua kwenye ng'ombe bali kwenye mbwa. Karibu kila kundi lililoingia sokoni lilikuwa na mbwa wake nyuma, mwembamba, kimya, akijua kazi yake. Wajaluo humwita guok, Wamaasai oldia. Hakuna aliyeuliza bei yake, wala hakuna aliyemuuza. Huyo ndiye anayelala nje ili mwenye boma alale ndani.

Tulimkuta mzee mmoja ameketi kivulini, na mbwa mkongwe amelala miguuni pake juu ya gunia. Meno yake yamekwisha, viuno vimekaza. "Huyu hachungi tena," mzee alituambia, "lakini alifukuza fisi miaka kumi. Nitamfukuza mimi?" Humpa uji uliopoa pamoja na mabaki ya samaki yasiyo na miiba, na usiku humsogeza karibu na jiko. Tulimwuliza kama amechanjwa. Akacheka kidogo, akasema: "Wageni, ng'ombe hupata chanjo. Mbwa hupata makombo."

Jibu hilo limebeba uzito kuliko tulivyodhani. Nchini Kenya kichaa cha mbwa kilitambuliwa kwa mara ya kwanza mwaka 1912, kwa mbwa wa viungani mwa Nairobi. Mtu wa kwanza kuandikwa kuwa aliugua alikuwa mwanamke wa sehemu za karibu na Ziwa Victoria, mwaka 1928. Ugonjwa huu ukishaonyesha dalili kwa binadamu, karibu hapana anayepona. Duniani unakadiriwa kuua watu wapatao 59,000 kila mwaka, na karibu wote huambukizwa na mbwa.

Mama muuza chai pale sokoni alitusimulia ya mwanawe wa miaka saba, aliyeng'atwa na mbwa aliyetoka upande wa pili wa mpaka wa kaunti. Kituo cha kwanza cha afya hakikuwa na sindano. Ikabidi kuuza mbuzi wawili ili kupata nauli ya kwenda mbali, na safari haikuwa moja, kwa kuwa sindano hizo hutolewa kwa awamu. Mtoto alipona, Alhamdulillahi. Lakini kwa majuma kadhaa nyumba mbili zilizokuwa zikiuziana maziwa hazikusalimiana, hata wazee walipokaa na kusuluhisha. Bei ya chanjo moja ya mbwa ni ndogo mno mbele ya mbuzi wawili na ujirani.

Hapo ndipo ilipo shida ya Ogwedhi. Tangu ugatuzi uanze mwaka 2013, huduma za mifugo ziko mikononi mwa kaunti. Daktari wa Migori ana mpaka wake, na wa Narok ana wake. Mbwa hana. Wataalamu husema kuwa asilimia 70 ya mbwa wa eneo wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kupita. Lakini upande mmoja ukichanja na mwingine ukaacha, moto huzimwa chumbani huku ukiwaka ukumbini.

Ndugu zetu wa Pemba wametuachia somo. Kwa kuchanja mbwa kisiwa kizima, kichaa kilitoweka mwaka 2014. Mwaka 2016 kikaingia tena, chanjo ikarejewa kwa bidii, na kufikia mwaka 2018 kikang'olewa kwa mara ya pili. Ikiwa kisiwa kilichozungukwa na bahari huhitaji kukesha, mpaka usio na hata kijito huhitaji zaidi.

Nyuma ya soko, penye machinjio, tuliona jambo jingine. Mbwa walingoja kando, na mchinjaji akiona pafu au ini lenye uvimbe wa maji huwatupia. Uvimbe huo ni watoto wa tegu. Mbwa akiula, tegu hukomaa tumboni mwake, mayai hutoka na kinyesi, yakafika kwenye majani, maji na mikono ya watoto. Kwa binadamu huota uvimbe kama ule ule, kwenye ini au mapafu, na huenda ukahitaji kupasuliwa. Dawa yake ni nyepesi: viungo hivyo vichomwe au vifukiwe kwa kina, na mbwa apewe dawa ya minyoo kwa ratiba ya daktari wa mifugo.

Paka wa Ogwedhi tuliwakuta kwenye vinu vya posho na maghala, wakilinda mahindi dhidi ya panya. Nao wana hatari zao. Dawa ya kuogeshea ng'ombe huweza kumwua paka akipakwa kwa ajili ya viroboto. Vivyo hivyo kidonge cha paracetamol, tunachokimeza sisi bila kufikiri: kimoja tu chaweza kumwua. Na paka mzee anayekunywa maji kupita kawaida huku akikonda, huenda figo zake zimechoka. Apelekwe kwa daktari.

Huenda msomaji akauliza, haya yatuhusu nini sisi tusiofuga mbwa? Ni kweli kwamba katika madhehebu ya Shafii mate ya mbwa ni najisi, na chombo alichokiramba huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Lakini hukumu ya tohara si ruhusa ya ukatili. Mtume (s.a.w.) alitueleza habari za mtu aliyeshuka kisimani akamtekea maji mbwa mwenye kiu, akasamehewa; na za mwanamke aliyemfungia paka hadi akafa njaa, akaadhibiwa.

Basi kila nyumba ishike haya. Aliyeng'atwa au kukwaruzwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo, hata kama mbwa aonekana mzima. Mbwa na paka wachanjwe wafikapo miezi mitatu, na chanjo irudiwe kwa ratiba. Maji safi yawepo daima, na kivuli pia. Tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, ulizeni ofisi ya mifugo iliyo karibu nanyi kama kuna chanjo ya bure. Na mwenye jirani aliye na mbwa asingoje mpaka wa kaunti kumwambia.