Farasi wa Mbio na Kazi ya Kuruka Viunzi

Mtu atakaye kununua farasi wa kuruka viunzi mara nyingi huuliza kwanza habari za ukoo wake. Akiambiwa kwamba farasi huyo ni wa mbio, wa ile mbegu ya Kiingereza ijulikanayo dunia nzima, ama hufurahi kupita kiasi, ama hukunja uso akaenda zake. Wa kwanza husema, "Damu hiyo ndiyo bora kuliko zote." Wa pili husema, "Hao ni wenda wazimu, hawajui ila kukimbia." Wote wawili wamekata shauri kabla ya kumtazama farasi mwenyewe.

Neno hili si dogo kama lionekanavyo. Farasi wa mbio huanza kazi angali mchanga wa miaka 2, na wengi huachishwa kazi hiyo kabla hawajatimiza miaka 7. Naye akitunzwa vema aweza kuishi miaka 25 au zaidi. Asipopatiwa kazi nyingine, ni nani atakayemlisha siku zote hizo? Katika nchi nyingi jibu limekuwa kisu cha mchinjaji. Kwa upande wa pili, mtu akimlazimisha farasi asiyefaa kuruka viunzi virefu, mnyama huenda akavunjika mguu, na mpandaji shingo. Basi katika shauri la kununua au kutonunua mna roho mbili.

Mbegu hii ilitengenezwa Uingereza. Madume watatu kutoka nchi za Mashariki, Byerley Turk, Darley Arabian na Godolphin Arabian, ndio wanaohesabiwa kuwa mababu zake, na kitabu cha nasaba yake kilianza kutolewa mwaka 1791. Tangu wakati huo wafugaji wamechagua wazazi hasa kwa jambo moja, nalo ni mbio. Ni mara chache dume kupendwa kwa sababu anajua kukunja magoti yake mbele ya kiunzi.

Wanaoipinga damu hii hawakosi hoja. Farasi wa mbio amefunzwa kunyosha shingo, kuegemea lijamu na kuutupa uzito wake mbele, maana ndivyo apatavyo mwendo. Mrukaji hutakiwa kinyume chake: afupishe hatua, akusanye miguu ya nyuma chini ya tumbo, kisha ajirushe juu kama upinde ulioachiliwa. Tena farasi wa mbio ni mwepesi wa kutaharuki. Akisikia kelele za watu huenda akadhani mbio zimeanza. Zaidi ya hayo, kano za miguu yake ya mbele pengine zimekwisha umia uwanjani, na jeraha la kano hata likipona huacha udhaifu.

Wanaoitetea nao hutaja Grand National, zile mbio za kuruka vizuizi zikimbizwazo Aintree tangu mwaka 1839. Humtaja Red Rum, ambaye alianza na mbio fupi za furlongi 5, yaani kama kilometa 1, na baadaye akashinda Grand National mara 3, mwaka 1973, 1974 na 1977. Sifa hiyo ni ya haki, lakini ushahidi huo usitumiwe ovyo. Katika mbio zile farasi huruka akiwa katika shoti, mruko mrefu na wa chini, na akipangusa matawi ya juu ya kizuizi haandikiwi kosa. Katika uwanja wa viunzi nguzo hulala juu ya vishikizo vidogo. Akiigusa ikaanguka, huhesabiwa makosa 4. Kazi mbili hizi zafanana kwa jina tu.

Hata hivyo ushahidi wa uwanja wa viunzi wenyewe upo. Tarehe 5 Februari 1949, mjini Viña del Mar katika nchi ya Chile, Kapteni Alberto Larraguibel alikirukisha kiunzi cha meta 2.47 farasi aitwaye Huaso. Huyo alikuwa wa damu ya mbio, na mbio zenyewe hazikumpa sifa. Hajatokea farasi mwingine aliyeuvunja mpaka huo. Katika michezo ya Olimpiki ya Los Angeles mwaka 1984, Touch of Class, farasi jike wa damu hiyo hiyo, alivuka viunzi 90 kati ya 91 bila kuangusha, akampatia Joe Fargis nishani 2 za dhahabu.

Lakini hapo pia pana mtego. Mwaka 1988 huko Seoul, farasi wa mbegu ya mbio aitwaye Gem Twist alipata nishani ya fedha. Aliyemshinda alikuwa Jappeloup, mdogo wa kimo cha meta 1.58, ambaye baba yake alikuwa wa ukoo wa Kifaransa unaofugwa kwa kukokota vigari katika mwendo wa matiti. Na huko Marekani mwaka 1956 Harry de Leyer alinunua kwa dola 80 farasi wa kulimia aliyekuwa tayari katika gari la kwenda machinjoni. Farasi huyo, Snowman, aliwashinda warukaji wakuu wa nchi ile mwaka 1958, na tena mwaka 1959. Wasemao kwamba maji hufuata mkondo wafikiri pia habari za hao wawili.

Je, ukoo basi hauna maana? Unayo. Farasi washindao siku hizi katika viwanja vikubwa wengi wao ni wa koo za Ulaya zilizochaguliwa mahsusi kwa kuruka, kama zile za Holstein, Hanover, Uholanzi na Ufaransa. Lakini koo hizo zenyewe zilitiwa damu ya mbio ili zipate wepesi na moyo. Dume wa Kiingereza Ladykiller, aliyepelekwa Holstein katika miaka ya 1960, alizaa Landgraf na Lord, mababu wa warukaji wengi. Ukoo waonyesha yale yanayotazamiwa, hauthibitishi yaliyopo.

Kwa hiyo mnunuzi mwenye busara humtazama farasi huyu mmoja aliyesimama mbele yake. Kwanza humwita daktari wa wanyama apapase kano na kuchunguza kwato. Kisha huomba farasi aachiliwe bila mpandaji, apite juu ya nguzo za chini. Hutazama kama magoti ya mbele yanapanda pamoja, kama mgongo unajipinda, na kama miguu ya nyuma haiburutwi. Zaidi ya yote hutazama tabia yake baada ya kugusa nguzo. Asiyejali ataigusa tena. Mwangalifu hujiinua zaidi mara ya pili, na uangalifu huo hakuna mwalimu awezaye kuuuza.

Tena humwuliza saisi, maana saisi ndiye ajuaye kama farasi hula vema usiku, na kama hutulia akiwa peke yake. Jambo hili lahusu Kenya pia, ambako mbegu hii imekimbizwa katika uwanja wa Ngong, Nairobi, tangu mwaka 1954. Farasi akitoka huko huhitaji miezi ya kupumzika malishoni, kisha afunzwe upya kama mtoto wa darasa la kwanza: kutembea, kusimama, kugeuka, kuvuka nguzo iliyolala chini. Haraka haraka haina baraka, na katika kazi hii haraka huvunja miguu.

Wengine, baada ya hayo yote, wataonekana hawana kipaji cha kuruka. Hao wasilazimishwe, wapewe kazi ya kubeba mpandaji kwa upole shambani au barabarani, ambayo ni kazi ya heshima. Farasi hakujichagulia wazazi, wala hakujichagulia uwanja. Anachostahili kwa mnunuzi ni kupimwa kwa kazi yake mwenyewe, wala si kwa sifa za ndugu zake au kwa aibu zao.