Kitako cha Kitunguu

Huko Misigiri, katika nchi ya Iramba, msimu wa mvua ni mmoja tu kwa mwaka, na wakati wa kiangazi mboga huwa adimu. Bibi mmoja alipokata kitunguu, mjukuu wake alikichukua kitako chenye mizizi ili awatupie kuku.

"La, mjukuu wangu, hicho kingali hai." Akakifukia mahali pamwagwapo maji ya kuoshea vyombo. Baada ya siku chache yakachipuka majani. Kitunguu kipya hakikupatikana, wala bibi hakukitazamia. Majani yalitosha kuungia mchuzi.

Viazi vitamu vidogo navyo alivipanda papo hapo. Mtoto alinung'unika, kwani njaa ilimwuma. Mvua ziliponyesha, marando yalikatwa yakatosha matuta manne, na majirani waliokwisha kula viazi vyao vyote wakaja kuomba mbegu.