Njia ya kwenda majini

Mwaka 1986 basi lilinishusha stendi ya zamani ya Musoma, mjini katikati, nikiwa na boksi la nguo lililofungwa kamba ya katani. Natoka kijijini Busawe, nakuja kukaa kwa baba mdogo nisome darasa la tano. Alikuja kunipokea kwa miguu, akatupia boksi begani, akatangulia. Tukapita sokoni, tukashika Barabara ya Mukendo yenye maduka ya vibaraza, na kabla sijamaliza kushangaa maduka, nikaona ziwa. Nikasimama. Maji niliyoyazoea mimi ni ya Mto Mara, nayo yana ng'ambo, na ng'ambo yake ni Tarime. Haya, upande jua linakozama, hayakuwa na ng'ambo.

“Twende, mwanangu,” baba mdogo akasema. “Litakuwepo na kesho.”

Kweli lilikuwepo, na kila jioni nilitumwa huko. Mwalo wa Mwigobero ulikuwa karibu kiasi kwamba shangazi, aliyekaa nasi, aliinjika sufuria ya ugali kwanza, ndipo akanituma dagaa. Sikumbuki kama kuna siku niliambiwa njia. Kati ya nyumba na nyumba palikuwa na vichochoro vya kupita watu wawili na mbuzi, na vyote, ukivifuata vinavyoteremka, vilikufikisha majini. Mvua ikinikuta Mukendo nilitembea chini ya vibaraza, duka hadi duka, nikafika mwisho nimelowa miguu tu. Kwenye vibaraza hivyo walikaa mafundi cherehani. Mmoja alijua nimetumwa nini, nimepewa shilingi ngapi, na nimechelewa kiasi gani. Nilimchukia sana. Siku hizi naona mji ule ulikuwa na walinzi wengi wasiolipwa.

Nilipomaliza shule nilipata kibarua cha kuwashikia wapimaji ardhi futikamba. Kazi yenyewe ni jua na michongoma, lakini inafumbua macho. Niligundua kwamba maduka ya zamani ya mjini yalikaa kwenye viwanja vyembamba vilivyobanana, kila kimoja kimetoa mlango barabarani, ndiyo maana hatua chache zilikupitisha mbele ya kinyozi, duka la sukari, fundi saa na mgahawa. Huku pembeni tulikokuwa tukipima, viwanja vilikuwa vikubwa. Kwa lugha ya mipango miji vinaitwa vya “ujazo mdogo”, jina ambalo lilinichukua mwaka mzima kulizoea: ujazo mdogo maana yake watu wachache, ardhi kubwa. Ukipanga kumi vya aina hiyo kando ya ziwa, umeshafunga ufukwe. Mtoto aliyetumwa dagaa atazunguka ukuta mpaka ugali upoe.

Halafu ukaja ukame wa mwaka 2006. Ziwa Victoria lilirudi nyuma kiasi ambacho wazee hawakuwahi kukiona. Mawe tuliyokuwa tukijirushia majini yakabaki juu ya nchi kavu, yana kinyesi cha ndege na mitumbwi imelazwa ubavu. Nchi ile mpya ilikuwa nyeusi, tambarare, na haikuwa na mwenyewe, au ndivyo ilivyoonekana. Nyua zikaanza kulifuata ziwa. Leo bustani ya mchicha, kesho matofali.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 ilikwisha kukataza shughuli za kudumu ndani ya meta 60 kutoka ukingo wa ziwa au mto. Kila mwenye kiwanja aliijua. Swali lilikuwa meta 60 kuanzia wapi. Siku moja nilishika ncha ya futikamba nimesimama kwenye tope, mwenye eneo ananielekeza nisogee mbele, nisogee tena, mpaka maji yakaingia kwenye viatu. “Hapo hapo,” akasema. Nikang'ang'ania hapo hapo. Nililipwa jioni ile na sikulalamika.

Wazee walishasema kwamba ziwa litarudi. Wao walikumbuka mvua za Uhuru, zile za mwaka 1961 na kuendelea, zilizopandisha ziwa likameza mashamba na miti. Walipotuonyesha kwa fimbo lilikofika, tulidhani ni chumvi ya uzee. Mei 2020 ziwa likafika kimo kilichopita kidogo kile cha mwaka 1964, karibu meta 3 juu ya pale lilipokuwa 2006. Nilikwenda kutazama ukuta wa yule mwenye eneo aliyenisogeza mpaka majini. Ulikuwa umesimama majini hadi kiunoni, geti lake limefungwa kwa kufuli, na kambare anapita chini yake.

Sisemi mji wote umeharibika. Lami iliyowekwa mitaani pamoja na taa imewafanya akina mama wauze samaki wa kukaanga mpaka saa nne usiku na kurudi nyumbani kwa miguu, jambo ambalo enzi za shangazi lilihitaji kijana wa kusindikiza. Ila mabasi yamehamia Bweri. Mgeni wa leo mwenye boksi hashuki akaona ziwa. Anashuka akaona bodaboda ishirini. Na mitaro ya barabara, mirefu na mizuri, haikufunikwa, hivyo kila mwenye duka ametandika ubao wake. Bibi mwenye fimbo anavuka ubao kwa ubao kama anayepanda mtumbwi.

Mimi nimerudi Busawe. Nimejenga kando ya barabara ya vumbi, pale senta inapokua: fremu sita, mashine ya kusaga, wakala wa pesa za simu. Kila mtu anapima hatua zake na kuchomeka miti. Nami, fundi wa futikamba, nilichomeka, nikavuta waya, nikaotesha michongoma. Ilikuwa imenyooka vizuri.

Asubuhi moja nikamkuta mama mkubwa amesimama nje ya waya, ndoo ya lita 20 kichwani, haendi mbele wala nyuma.

“Shikamoo, mama mkubwa.”

“Marahaba. Mwanangu, nilipoletwa hapa bibi harusi, mama yako ndiye aliyenipitisha hapa kwenda kisimani.”

Hakuongeza neno. Nikaleta koleo, nikakata waya, nikang'oa mti mmoja. Nikampima yeye na ndoo yake, nikampima na mwenzake wa kupishana naye, nikapata meta moja na nusu. Nikamwonyesha kwa futikamba.

Akaitazama. “Na ng'ombe je?”

Nikang'oa mti wa pili.