Baibui Juu ya Sare

Miaka ya 1980, nesi aliyekuwa anakwenda kazini Dar es Salaam hakuwa na sababu ya kuificha sare yake. Gauni jeupe lilifuliwa jioni, likasuuzwa kwa maji yaliyotiwa bluu, likatiwa wanga wa muhogo, na alfajiri likapigwa pasi ya mkaa juu ya meza iliyotandikwa blanketi kuukuu. Pasi hiyo ina tabia ya kutema jivu, kwa hiyo kwanza ilipepewa nje mpaka mkaa ukolee, ikafutwa tumbo kwa jani la mgomba, ndipo ikaruhusiwa kugusa kitambaa. Kola ikipinda, kazi inaanza upya. Halafu mkanda na bizimu yake, kofia, saa ya kubandika kifuani. Binti akitoka uani amevaa hivyo kwenda kituo cha basi, mtaa mzima ulijua nyumba ile ina nesi, na kama kuna asiyejua, mama mtu alihakikisha anaambiwa.

Muuguzi mmoja aliyeanza kazi miaka hiyo, ambaye ameomba jina lake lisiandikwe, ni mzaliwa wa Temeke. Alihudumu katika hospitali za Dar es Salaam, kisha akamalizia utumishi wake kusini mwa Uingereza. Akizungumzia sare, haanzii wodini, anaanzia ndani ya basi. Basi la UDA lilijaa hadi watu wakaning'inia mlangoni, lakini yeye akifika, sauti ilitoka: "Mpisheni sista!" Na nafasi ilipatikana. Nauli ya nafasi hiyo ilikuwa ushauri. Kabla basi halijafika Kariakoo, huyu alikwishamwonyesha kidonda, yule amemnong'oneza habari za mkojo unaochoma, na mama mwenye mtoto mgongoni amemgeuzia kichwa cha mwanawe ili aguswe paji la uso. Alimgusa, kwa mkono uleule uliokuwa umeshika bomba la basi.

Hakuna aliyeuliza gauni lile limetoka kugusa nini. Hospitali haikuwa na chumba cha kubadilishia nguo wala kabati la mtu kuweka vitu vyake; ulikuja na sare, ukaondoka na sare. Njiani alipitia sokoni kuchagua nyanya, akafika nyumbani, mtoto akamrukia miguuni kabla hajavua viatu.

Zanzibar na Mombasa mambo yalikuwa tofauti kidogo. Huko nesi akitoka zamu alivaa baibui juu ya gauni jeupe na kuondoka zake, asijulikane ni nesi au mke wa mtu anayetoka arusini. Haikuwa habari ya vijidudu, ilikuwa stara. Lakini jambo hilo lifaa kukumbukwa, maana lilikuja kupata maana nyingine kabisa katika nchi ambayo baibui ni nguo ya kuangaliwa mara mbili.

Weupe wenyewe si wa kale sana. Mchoraji wa Marekani, Thomas Eakins, alichora madaktari bingwa wawili wa Philadelphia wakipasua wagonjwa mbele ya wanafunzi wao. Katika picha ya mwaka 1875, daktari na wasaidizi wake wamevaa makoti meusi ya heshima, damu vidoleni. Katika ile ya mwaka 1889, wote wamevaa meupe, na nesi amesimama pembeni na kofia yake. Kati ya picha hizo mbili, habari za vimelea zilikuwa zimewaingia madaktari, na nguo nyeupe ikawa ahadi kwa mgonjwa: uchafu ukiwepo, utauona. Ahadi hiyo ndiyo iliyoletwa Afrika Mashariki na hospitali za misheni na za serikali ya kikoloni. Mwaka 1956, Dar es Salaam ilipofunguliwa hospitali iliyoitwa Princess Margaret, ambayo leo ni Muhimbili, weupe ulikuwa kanuni isiyohojiwa.

Wa kwanza kuihoji hawakuwa abiria. Mwaka 1991 watafiti wa hospitali moja ya Birmingham walichapisha matokeo ya kuchunguza makoti meupe ya madaktari 100. Robo ya makoti hayo yalikuwa na bakteria wa aina ya Staphylococcus aureus, na palipochafuka zaidi ni ncha za mikono na mfukoni, yaani pale pale mkono wa daktari unapopita siku nzima.

Mzaliwa wa Temeke alifika Uingereza mwanzoni mwa miaka ya 2000, wakati NHS, mfumo wa huduma za afya wa nchi hiyo, ulipokuwa unatafuta wauguzi kila pembe ya dunia. Alikuta magazeti yamejaa hofu ya MRSA, bakteria sugu kwa dawa nyingi. Katika mwaka wa 2003 hadi 2004, hospitali za Uingereza ziliripoti takriban wagonjwa 7,700 walioingiwa na bakteria huyo kwenye damu, na serikali ikaagiza idadi hiyo ipunguzwe kwa nusu ifikapo 2008. Oktoba 2007 ikatoka ripoti kuhusu hospitali za Maidstone na Tunbridge Wells: kati ya 2004 na 2006, wagonjwa wapatao 90 walikufa, kwa hakika au kwa uwezekano mkubwa, kutokana na maambukizi ya tumbo ya Clostridium difficile. Wananchi walikuwa wanatafuta wa kumlaumu, na aliye karibu zaidi alikuwa nesi aliyepanga foleni dukani na sare yake ya buluu.

Anakumbuka jioni moja ndani ya basi. Bibi mmoja wa Kizungu, mpole tu, alimuuliza: "Mwanangu, unakwenda kazini au unatoka?" Akajibu anatoka. Bibi akainuka akahamia kiti cha nyuma. Nafasi ikapatikana tena, safari hii bila mtu kuiomba.

Septemba 2007, Waziri wa Afya wa wakati huo, Alan Johnson, alitangaza kwamba wahudumu wote wanaogusa wagonjwa watakuwa wazi chini ya viwiko: hakuna mikono mirefu, hakuna saa ya mkononi, hakuna mapambo. Utekelezaji ulianza Januari 2008 na koti jeupe la daktari likaanza kutoweka wodini. Saa ya kifuani ya wauguzi ilinusurika, na wenye nazo walitembea vifua mbele. Pamoja na hayo ukatoka mwongozo wa wizara kuhusu sare. Nesi abadili nguo kazini, au aifunike sare yote akiwa njiani. Kwenda dukani na sare ni mwenendo mbaya. Sare ifuliwe kwa nyuzi joto 60 kwa dakika 10.

Ukiusoma mwongozo huo kwa makini, unakuta kwamba waandishi wake walikuwa wakweli kuliko walivyoeleweka. Walisema hakuna ushahidi wa kutosha kwamba sare ni njia kubwa ya kusambaza maambukizi. Kilichowasukuma ni kwamba watu hawapendi kumwona nesi na sare nje ya hospitali, na mgonjwa akipoteza imani, hospitali imepoteza kitu. Hiyo ni hoja halali kabisa. Ila mitaani ilisikika vingine: kwamba sayansi imethibitisha gauni la nesi ni sumu. MRSA kwenye damu ilipungua kwa zaidi ya nusu, na sifa kubwa ya hilo ni ya mambo yasiyopigwa picha magazetini, kama kunawa mikono, kuangalia mirija inayoingia kwenye mishipa ya wagonjwa, na kuhesabu kila tukio na kuliripoti.

Basi wauguzi wakaanza kuvaa makoti juu ya sare. Desemba hakuna taabu, lakini Julai, baada ya zamu ya saa 12, koti lililofungwa vifungo hadi shingoni ndani ya basi lisilo na kiyoyozi ni adhabu. Vyumba vya kubadilishia vilikuwepo, ila foleni ya bafu ilimkosesha mtu basi la mwisho. Hapo ndipo mwenzake kutoka Unguja alipocheka mpaka akakaa chini: yeye alikuwa na baibui lake, jepesi, linafunika kila kitu hadi kifundo cha mguu. Msimamizi wa wodi alilitazama, akafungua mwongozo, akakuta limetimiza masharti yote.

Kisha mambo yakapinduka mara mbili kwa mpigo. Machi 2020, janga la UVIKO-19 lilipoingia, Uingereza ilianza kuwapigia makofi wauguzi kila Alhamisi saa 2 usiku, na maduka yale yale yakawatengea saa zao za kununua vitu. Sare ikawa tena kitambulisho cha shujaa. Mwezi uliofuata, nchini Meksiko, mkuu wa wauguzi wa taasisi ya hifadhi ya jamii alilia mbele ya waandishi wa habari akiwaombea wenzake waliokuwa wanashambuliwa mitaani na kunyimwa usafiri. Baadhi yao walikuwa wamemwagiwa dawa ya madoa. Wauguzi wa huko wakashauriwa kuacha sare kazini, safari hii kuwalinda wao wenyewe.

Wakongo walikuwa wameyaonja hayo mapema. Wakati wa Ebola ya Kivu Kaskazini na Ituri, watoa huduma walishambuliwa mara nyingi kiasi kwamba kutambulika kulikuwa hatari. Tarehe 19 Aprili 2019, Dkt. Richard Mouzoko, Mkameruni aliyefanya kazi na Shirika la Afya Duniani, aliuawa kwa risasi ndani ya hospitali ya chuo kikuu mjini Butembo. Mahali kama hapo, mwenye haja ya kujificha ni nesi.

Mstaafu wetu akija likizo Dar es Salaam, hukaa kwa mdogo wake, na binti wa mdogo wake huyo ni nesi. Asubuhi binti anaondoka na mwendokasi, sare mwilini, na mchana anakula kwa mama ntilie nje ya geti pamoja na wanafunzi wa udaktari, makoti meupe mabegani na stethoskopu shingoni, mmoja amechovya ncha ya mkono wa koti kwenye mchuzi. Shangazi hanyamazi.

"Angalau ujitande kanga."

"Shangazi, kanga nitaiweka wapi nikifika? Na nikibadili, nibadilie wapi? Chooni?"

Hapo shangazi hukosa jibu, kwa sababu swali hilo lilikuwa lake pia. Kufua kwa nyuzi 60 nako, kwenye beseni, mikono itaungua kabla ya vijidudu. Wauguzi wa wodi ya binti huyo walichangishana wakanunua kabati la chuma ili sare zibaki kazini. Kufuli likaibwa. Wakachangishana tena wakanunua kubwa zaidi, na ufunguo anakaa nao sista wa zamu. Siku akichelewa, wenzake wanaingia wodini na nguo za nyumbani.