Kakontwe, mlima unaolisha viwanda

Ukitoka Lubumbashi kuelekea Likasi, mwendo wa kilomita kama 120, vilima vinakupokea kabla ya nyumba. Ndivyo vilivyoleta mji: kampuni ya madini ya Union Minière ilivifuata kwa ajili ya shaba, na enzi za Wabelgiji mji ukaitwa Jadotville. Mpaka leo ukitaja Likasi, mwenzako atakujibu kwa shaba, kobalti, au urani ya Shinkolobwe iliyo jirani. Mlima wa Kakontwe, ulio karibu na mji, mgeni hatajiwi. Mawe yake ni ya chokaa tu.

Nilifika mwishoni mwa kiangazi, wakati miti ya miombo inapoanza kutoa majani mapya mekundu hata kabla ya mvua. Pale mlima ulipokatwa, jiwe linaonekana wazi: kijivu chenye rangi ya buluu kwa mbali, limekaa tabaka juu ya tabaka, limepitiwa na mishipa myeupe. Katika nyufa umejaa udongo mwekundu, na kila ufa una kingo laini zilizolambwa na maji. Nilisaga kipande kidogo, nikakikamulia ndimu. Unga ukatoa povu. Jiwe hili lilikuwa matope ya bahari, miaka zaidi ya milioni 600 iliyopita.

Kazi yake kubwa huanzia motoni. Mawe ya chokaa yakichomwa kwenye joto la nyuzi 900 hivi, hewa ya kaboni dioksidi hutoka. Kilo 100 za jiwe safi hubaki kilo 56 za chokaa. Chokaa hiyo ndiyo inayohitajika viwandani. Penye mitambo kama ya Shituru, hapo Likasi, shaba huyeyushwa kutoka kwenye mawe kwa asidi ya salfa, kisha chokaa hutiwa kuituliza asidi hiyo na kuutenga uchafu kama chuma. Bila jiwe hili la bei ndogo, madini ya bei kubwa hayatoki salama.

Wenyeji nao wana matumizi yao ya mlima na pori lake. Kokoto huenda kwenye ujenzi, chokaa hupakwa kutani. Vichuguu vikubwa vya mchwa hutoa udongo wa matofali ya kuchoma. Mvua zikianza, kina mama huingia porini kutafuta uyoga. Na makaa hayana msimu: njiani nilimpisha kijana aliyesukuma baiskeli yenye magunia yaliyompita kimo. “Pardon, papa, tupite!” alisema, ingawa alikuwa peke yake na mzigo wake.

Lakini nyufa zile zina kazi nyingine. Mvua huzama humo, hupanua mapango, hukaa chini kama akiba. Wanajiolojia walilitoa jina la Kakontwe hapa, wakaliita hivyo tabaka hili popote walipolikuta, hata ng'ambo ya mpaka huko Ndola, Zambia, ambako pia huchimbwa kwa chokaa. Kule Kipushi limebeba zinki na shaba. Chini ya Lubumbashi, watu huchota humo maji ya visima.

Kwa hiyo jiwe linalosafisha uchafu wa viwanda ndilo hilo hilo linalotunza maji, na nyufa zinazopitisha mvua hazichagui: asidi ikimwagika juu, nayo itashuka. Miti ikikatwa yote, mvua itakimbilia bondeni na udongo wake. Hesabu ya Kakontwe haifai kuishia kwenye tani za chokaa zinazopakiwa kwenye malori. Iwekwe na maji ndani yake.