Ndoo Kumi na Mbili Nyuma ya Kibla

Ua wa nyumba yetu hapa Tandala ndio ua wa msikiti. Kamati ilitupatia chumba na sebule upande wa kusini, na kati ya mlango wetu na mahali pa kutawadhia pana nafasi ya hatua sita kwa tatu, basi. Mashamba ya viazi yametuzunguka pande zote, lakini si yetu. Mboga ya kila siku tulikuwa tukiinunua. Mama watoto alipojifungua mara ya pili, naye akasisitiziwa kliniki ale majani mabichi kila siku, tuliazimia kupanda katika vyombo.

Tulikusanya ndoo kumi na mbili za lita 20, zilizokuwa za mafuta ya kula na za rangi ya maji. Vyombo vya dawa ya kupulizia viazi, ambavyo huku havikosekani, tuliviacha. Sumu haitoki kwa kusuuza, na hilo hatukulifanyia mzaha. Kila ndoo tuliitoboa matundu matano chini, tukajaza sehemu mbili za udongo na sehemu moja ya samadi ya ng'ombe. Kisha tukazipanga palipotuwia wepesi, kando ya njia itokayo kwenye mabomba hadi mlango wa msikiti, ili tukinge maji ya udhu na kumwagilia papo hapo.

Maji yenyewe hayakuwa na shaka. Katika madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na wengi wetu Afrika Mashariki, maji yaliyokwisha kutumika kutawadhia ni twahara ijapokuwa hayatwaharishi tena. Mche hauna haja na tofauti hiyo.

Ila mzee mmoja wa kamati alisimama mbele ya ndoo zile baada ya Alasiri, akasema, "Mwanangu Katibu, samadi msikitini?"

Nasi, kwa ujasiri wa aliyetoka chuoni na cheti, tulimjibu mbele ya watu. Tukamweleza kwamba kwa Shafii kinyesi cha mnyama ni najisi, hata wa kuliwa, lakini kurutubishia udongo kwacho kumeruhusiwa, na mmea uotao humo ni safi. Mzee alinyamaza. Kwa wiki mbili alikuwa akitoa salamu na kupita.

Mama watoto ndiye aliyetufumbua macho. Alfajiri moja alitumulikia tochi sakafuni. Maji yenye rangi ya chai yalikuwa yamechuruzika kutoka chini ya ndoo na kukatiza njia, na watu waliokwisha kutawadha walikuwa wakiyakanyaga kwa miguu mitupu wakielekea kwenye mikeka. Mzee hakuwa ameuliza habari za mmea. Alikuwa na wasiwasi na miguu ya wenye kuswali, na hukumu ile ile tuliyomsomea ilikuwa upande wake.

Jioni ile tulikwenda kwake kuomba radhi. Hatukukaa sana katika hilo, alitukaribisha chai, kisha akauliza, "Zile ndoo Juni zitapata jua saa ngapi?" Hatukujua. Tulikuwa tumepanda Machi, na hatukuwaza zaidi ya Machi.

Akatufafanulia jambo ambalo tungepaswa kuliona wenyewe, maana tunalielekea mara tano kwa siku. Makka iko kaskazini yetu, ikielemea mashariki kidogo. Kwa hiyo ukuta wa kibla, kwa nje, unatazama kaskazini. Nasi tuko takriban nyuzi 9 kusini mwa Ikweta, na Juni na Julai jua hupita upande wa kaskazini. Ua wetu wakati huo huwa kivulini mwa msikiti karibu kutwa nzima, na nyuma ya kibla ndiko kwenye joto. Huko hapiti mtu kwenda kuswali.

Tulizihamisha, tukaziinua juu ya matofali, tukaweka masinia chini ya kila moja, na kuacha nafasi ya shibiri moja ili unyevu usiushike ukuta. Ndoo tatu za nyanya tulizibakiza uani. Zilikuwa zimeanza kuchanua na tuliona huruma kuzisumbua. Usiku mmoja wa Julai, mbingu nyeupe na upepo umetulia, ilianguka sakitu, yaani umande ulioganda. Kulipokucha nyanya zilikuwa nyeusi kama zilizochemshwa. Nyuma ya kibla, chini ya magunia tuliyofunika jioni, sukuma wiki, vitunguu na kotimiri vilisalimika. Tumejifunza pia kwamba mchicha na nyanya tuvisubirishe hadi baridi ipite. Sukuma wiki haina neno.

Sasa, misimu ya baridi, mzee hupitia kule baada ya Maghribi kukagua kama tumefunika. Tulipochuma majani ya kwanza tulimpelekea fungu lake nyumbani. Aliligeuzageuza mkononi, akatuuliza kama tumeliosha.