Kibarua wa Tovuti Vilimani Kipatimu

Safari ya Kipatimu huanza Mbagala, kabla jua halijachomoza, katika basi liendalo kusini. Mkuranga hupita watu wakingali wanasinzia. Kibiti abiria hushuka kunywa chai. Baada ya Ikwiriri basi huuvuka mto Rufiji juu ya daraja la Mkapa, lililofunguliwa mwaka 2003, na hapo wazee huanza masimulizi ya pantoni la Ndundu, jinsi walivyolala ukingoni siku mbili tatu wakila mihogo na kupigana na mbu. Vijana husikiliza kwa adabu, lakini dhahiri hawaamini. Kisha huja Somanga na samaki wake wa kukaanga wanaopenyezwa madirishani, na muda si mrefu baadaye kondakta huita Tingi. Hapo aendaye Kipatimu hushuka na kuiacha lami.

Kuanzia Tingi njia huelekea magharibi, kuupa mgongo mwambao. Minazi hupungua, udongo hugeuka mwekundu, na gari huanza kupanda na kushuka vilima vya Umatumbi kupitia Chumo. Wakati wa kiangazi ni safari ya vumbi na kutikiswa. Wakati wa masika ni safari ya kumwomba Mungu. Hatimaye huonekana michungwa, kwanza mmoja mmoja uani mwa watu, kisha mashamba mazima yaliyopanda mteremko, na katikati yake misheni, msikiti, maduka na pikipiki zinazosubiri abiria. Chini ya vilima hivyo mna mapango ya mawe ya chokaa, na kila ukoo una simulizi yake ya nani alijificha wapi zamani za vita.

Huko ndiko nilikozaliwa. Msomaji atanisamehe nikianza kwa kumweleza kazi yangu, kwa kuwa hata nyumbani imenichukua miaka kuieleza. Mimi ni mtengenezaji wa tovuti. Duka, shule au nyumba ya wageni ikitaka watu waione na kununua huduma zake kwa njia ya intaneti, mimi ndiye fundi wa kuijenga hiyo nyumba isiyo na matofali. Sina mwajiri. Nachukua kazi kwa mteja huyu, naimaliza, kisha natafuta mwingine. Vitabuni kazi ya namna hii huitwa kazi ya kujitegemea. Ni neno zito katika nchi yetu, na kila ninapolijaza katika fomu huona haya kidogo, maana sijapata kumwona mtu anayetegemea watu wengi kama mimi.

Nyumbani kwangu Mbagala majirani waliamini kwa muda mrefu kwamba sina kazi. Mtu mzima anashinda ndani, taa yake inawaka hadi saa nane za usiku, mchana anaonekana na kaptura akinunua maandazi! Ndugu wakiwa na mgonjwa wa kupelekwa hospitali, au mzigo wa kupokewa stendi, hunipigia mimi: "Wewe si upo tu?" Benki nilikokwenda kuomba mkopo nilidaiwa hati ya mshahara. Mwenye nyumba naye hakupenda kusikia kwamba kodi yake ipo lakini imo njiani, imekwama Ulaya kwa mteja ambaye amekwisha kuipokea kazi na sasa hajibu barua. Mfanyakazi wa kiwandani akidhulumiwa anao wenzake wa kunong'ona nao langoni. Mimi nilinong'ona na kompyuta.

Ndiyo sababu mwezi Novemba mwaka 2023 nilipanda boti kwenda Unguja. Kuanzia tarehe 6 hadi 11 ya mwezi huo ulifanyika Zanzibar mkutano wa kwanza wa Afrika wa watumiaji wa Django, chombo ninachokitumia kila siku katika kujenga tovuti. Na kwa kuwa makala hii imo gazetini, nitaje jambo ambalo huenda likamfurahisha msomaji: chombo hicho kilizaliwa katika chumba cha habari. Mafundi wawili, Adrian Holovaty na Simon Willison, walianza kukiunda mwaka 2003 wakiwa wameajiriwa na gazeti moja la mji wa Lawrence, jimbo la Kansas, Marekani, kwa sababu wahariri walitaka kurasa mpya kwa saa na wala si kwa wiki. Mwezi Julai mwaka 2005 kiliachiwa wazi, atakaye akitumie bila malipo. Jina walilitoa kwa Django Reinhardt, mpiga gitaa ambaye vidole vyake viwili vililemaa baada ya kuungua moto, na ambaye hata hivyo aliwashinda wenye vidole vitano.

Nilikwenda nikidhani nitajifunza ufundi. Nilijifunza, sikatai, lakini mengi ya yaliyosemwa jukwaani ningeweza kuyasoma nikiwa kitandani. Lililonifaa lilitokea wakati wa chai. Fundi mmoja kutoka Accra, Ghana, aliniuliza natoza kiasi gani kwa tovuti ya duka. Nilimtajia. Alikaa kimya, akakiweka kikombe chini, akaniuliza tena, akidhani Kiingereza kimetupoteza. Kumbe nilikuwa nikiuza kazi ya mwezi mmoja kwa bei ambayo yeye huitoza kwa wiki moja. Akaniuliza kama mteja hunipa arbuni. Nikasema la, hulipwa mwishoni. Hapo ndipo alipocheka, lakini si kwa dharau. Jioni ile, tukila urojo Forodhani, yeye na wenzake watatu walinieleza namna ya kuandika mkataba wenye mafungu matatu: theluthi kabla ya kuanza, theluthi katikati, theluthi siku ya kukabidhi. Miaka sita nilikuwa katika kazi hii, na hapakuwa na mtu aliyewahi kuniambia jambo jepesi kiasi hicho, kwa sababu hapakuwa na mtu.

Tulipoachana, yule wa Accra nami tuliwekeana ahadi ya kusaidiana, tukapeana ruhusa ya kufungua maghala ya kazi zetu. Mafundi wa siku hizi hawaweki kazi katika kompyuta zao tu. Huihifadhi pia katika ghala lililo mbali, ambako mwenye ruhusa anaweza kuifikia popote alipo. Sikudhani ahadi ile ingejaribiwa mapema. Tarehe 14 Machi 2024 nyaya kadhaa zipitazo chini ya bahari ya Afrika Magharibi zilikatika karibu na pwani ya Ivory Coast, na Ghana ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia sana. Mwenzangu alikuwa na kazi ya kukabidhi. Alinipigia simu, nami nikaimalizia kwa usiku mbili nikiwa Mbagala. Sikumdai kitu.

Mwezi Aprili nikaitwa nyumbani. Mama alikuwa ameteleza njiani akitoka kuchota maji, akaumia nyonga. Nilifunga kompyuta yangu ndani ya mfuko wa plastiki, kisha ndani ya begi, kisha ndani ya kiroba, nikashika njia ya kusini. Nilikuwa na kazi ya mteja mmoja wa Ulaya mwenye duka la vitabu, itakiwayo tarehe 15 Mei. Mafungu mawili ya malipo nilikwisha kuyapokea, kwa kufuata shauri la Unguja. Fungu la tatu lilikuwa la kodi ya nyumba na matibabu ya mama, na mkataba ulisema wazi kwamba nikichelewa nimelipoteza.

Siku za mwanzo mambo yalikwenda vizuri. Kitongojini petu mawimbi ya simu hayashuki bondeni, kwa hiyo kila asubuhi nilipanda kilima, nikaketi chini ya mchungwa wa mjomba na kufanya kazi hadi betri ichoke. Watoto walikuja kutazama, wakaona maandishi tu yasiyo na picha, wakaenda zao. Mjomba ndiye aliyekaa. Alikuja na jembe begani, akanitazama kitambo.

"Mpwa wangu, huyo unayemfanyia kazi umepata kumwona?"

"Hapana, mjomba. Tunaandikiana."

"Na bei alipanga nani?"

Nikamweleza habari ya mafungu matatu na arbuni. Alitikisa kichwa. Kwake yeye arbuni ni jina la mtego. Mchuuzi huja mwezi ambao debe la unga ni tupu, akatazama maua ya michungwa, akatoa fedha kidogo mkononi. Yanapoiva, machungwa yote ni yake kwa bei ile ile ya njaa. Nilijaribu kumwonyesha kuwa ile yangu ni kinga, siyo mtego. Akaniuliza tofauti iko wapi. Nilifikiri sana kabla ya kumjibu, nikasema tofauti ni kwamba safari hii bei niliitaja mimi kwanza. Mjomba akasema, "Basi hao waliokufundisha kuitaja ni watu wema," akaenda kupalilia.

Swali la kumfanyia kazi mtu usiyemwona si geni katika vilima vile. Nandete haiko mbali na Kipatimu. Huko, mwezi Julai mwaka 1905, Wamatumbi waliokuwa wakisukumwa kulima pamba kwa faida ya wengine waliamua kwamba imetosha. Wazee wawili, Ngulumbalyo Mandai na Lindimyo Machela, ndio wanaokumbukwa kuwa waling'oa mashina ya kwanza ya pamba, ikawa ndiyo ishara ya vita vya Majimaji. Mganga Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, aliyegawa maji, Wajerumani walimnyonga Mohoro tarehe 4 Agosti mwaka ule ule. Na vita havikukoma hapo kupafahamu: mwezi Desemba 1916 Waingereza na Wajerumani walipigania Kibata, na wenyeji wakapoteza chakula chao kwa ugomvi usio wao. Nilisoma hayo shuleni kama mtihani. Chini ya mchungwa wa mjomba yalinijia kwa namna nyingine, ingawa sithubutu kulinganisha kiboko cha akida na mteja asiyejibu barua.

Kisha ikaja Hidaya. Kimbunga hicho kilifika pwani yetu tarehe 4 Mei 2024, karibu na Mafia. Kwetu vilimani kilikuwa mvua, mvua tupu, usiku kucha juu ya bati. Kulipopambazuka habari zilifika kwamba barabara kuu imekatika maeneo ya Somanga. Hakuna gari linalotoka Lindi kwenda Dar es Salaam wala linalokuja. Njia yetu ya Tingi nayo ilikuwa tope hadi magotini. Machungwa ya kwanza yalikuwa yameanza kuiva. Watu waliyatazama, wakaitazama njia, wakanyamaza.

Jumapili tarehe 12 Mei nilipanda kilima kama kawaida. Simu ilionyesha mawimbi, lakini hakuna ukurasa uliofunguka. Nikahama mti. Nikapanda juu zaidi. Nikamlaumu mwenye mnara, nikailaumu mvua. Jioni redio ikatangaza: nyaya za baharini zilizobeba sehemu kubwa ya intaneti ya Afrika Mashariki, EASSy na Seacom, zimekatika. Nilikuwa na siku tatu, na kazi iliyobaki, ukurasa wa kulipia vitabu, ilikuwa ya nusu siku tu. Mama aliniuliza mbona sili. Nikamwambia uzi umekatika baharini. Akasema, "Na barabara nayo imekatika. Kaa ule."

Lakini simu za kuzungumza zilikuwa zikipita. Usiku ule nilinunua salio la fedha zote nilizokuwa nazo, nikapanda kilima na tochi, nikampigia mtu wa Accra, ambako saa zao ziko nyuma ya zetu kwa saa tatu. Sikumaliza kueleza. Aliniuliza tu ni ghala lipi na kosa liko ukurasa gani. Mengine nikamtumia kwa ujumbe mfupi wa maandishi, mmoja baada ya mwingine, kama mtu apigaye simu ya upepo zamani. Salio likaisha.

Jumanne usiku uliingia ujumbe wa maneno manne kwamba imekamilika na inafanya kazi. Duka likafunguliwa kwa wakati. Watu wa Ulaya wakanunua vitabu, na mimi niliyelijenga nilikuwa nimekaa Kipatimu, siwezi kuliona. Ilikuwa hali ya ajabu kidogo, kama baba aliye safarini kupewa habari ya mtoto kuzaliwa. Intaneti ilirudi polepole, ikichechemea, na siku ukurasa wa kwanza ulipofunguka nilimwita mjomba aje atazame. Alitazama majalada ya vitabu kwa muda, akasema ni kazi safi. Fungu la tatu lililipwa baada ya wiki sita na barua nne.

Tangu hapo sijaukosa mkutano kwa kusingizia nauli. Agosti 2025 ule wa Django ulirudi Tanzania, safari hii Arusha, nami nilikwenda. Wakati wa chai kijana mmoja wa chuo aliniambia bei anayotoza, nikajikuta nimekiweka kikombe chini.

Lakini nirudi Kipatimu, siku njia ilipokauka kiasi cha gari kupita. Lori la kwanza lilipanda likinguruma, na kina mama walikuwa wamekwisha kupanga machungwa kando ya njia tangu usiku, mengine yamelainika. Mama, akiegemea fimbo yake, alichagua kumi mazuri akayafunga katika khanga kuukuu. Nikadhani ni ya safari yangu. Akaniambia hapana, ni ya yule mwenzangu aliyemalizia kazi, na akataka kujua kama nikiyafikisha Dar es Salaam leo, kesho yatakuwa yamefika kwake.

"Mama, Ghana ni mbali."

"Si ulisema kazi yako ilifika usiku ule ule?"